Mukombero wa Mowlem: nunua mzizi, ogopa unga

Jioni foleni inapokolea kwenye barabara za kuingia mtaa wa Mowlem, Nairobi, mchuuzi wa njugu hupita katikati ya matatu akiwa na bidhaa nyingine pembeni mwa beseni: vifurushi vya vijiti vya kahawia, vinene kama kalamu. Ndio mukombero. Wateja wake wengi ni wanaume, na wengi hulipa upesi bila maswali. Maswali hayo ndiyo tutakayoyauliza hapa.

Mukombero ni mzizi wa mmea wa kichaka unaopanda juu ya miti mingine. Kitaalamu huitwa Mondia whitei, na Waganda huuita mulondo. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo, na ukiyakata hutoa utomvu mweupe. Sehemu kubwa ya mukombero unaouzwa Nairobi hutoka Magharibi mwa Kenya, hasa pande za msitu wa Kakamega. Huko wazee waliutafuna ili kuamsha hamu ya kula, kutuliza tumbo na kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Sifa ya nguvu za kiume ilikuwepo, lakini mjini ndiyo iliyomeza nyingine zote.

Je, sifa hiyo ina ukweli? Utafiti uliopo umefanywa zaidi kwa panya na kwenye vyombo vya maabara, na majibu yake hayaelekei upande mmoja. Kuna majaribio yaliyoonyesha mbegu za kiume zikichangamka zaidi zilipowekwa pamoja na maji ya mzizi huu. Lakini watafiti wa Kamerun walichapisha mwaka 2001 matokeo ya panya dume waliopewa dawa ya mzizi huu kwa muda mrefu: uwezo wao wa kuzalisha ulishuka, kisha ukarudi walipoachishwa. Panya si binadamu, sawa. Hata hivyo, mwanamume anayetafuta mtoto na kutafuna mukombero kila siku ana sababu ya kutafakari.

Ukitaka kununua, nunua mzizi mzima unaouona kwa macho. Uvunje kidogo, uunuse. Ule halisi una harufu tamu ya vanila, na ukiutafuna huanza kwa ukali wa tangawizi kisha utamu ukafuata. Usipopata harufu hiyo, rudisha. Mmea huu una jamaa wenye sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mzizi usioujua si wa kujaribia mdomoni. Nyumbani, usugue kwa brashi chini ya maji safi yanayotiririka, maana umepita kwenye udongo, gunia na vumbi la barabara, nawe utaula mbichi. Kinacholiwa ni ganda laini. Kiini kigumu cha katikati hutemwa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye unga na chupa zisizo na jina la mtengenezaji, zile zinazoahidi kazi ndani ya nusu saa. Mzizi haufanyi kazi kwa saa ya ukutani. Nchi nyingi zimekamata dawa za “asili” za nguvu za kiume zilizochanganywa kisiri na sildenafil, dawa ya hospitalini. Mtu anayetumia dawa za nitrati kwa maumivu ya kifua akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka ghafla na kumuua. Dawa ya mitishamba iliyofungashwa kwa ajili ya kuuzwa Kenya inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kama pakiti haina namba ya usajili, muuzaji hana la kukueleza.

Jambo lingine wanaume wa mtaani hawapendi kulisikia: nguvu zikipungua na hali hiyo ikaendelea, mara nyingi ni kisukari, presha au mishipa ya moyo inayoanza kuziba. Kupima sukari na presha huchukua dakika chache katika zahanati yoyote, na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali na Mowlem. Mukombero unaweza kukupa raha ya kutafuna huku ugonjwa ukiendelea kukomaa. Mama mjamzito au anayenyonyesha, na yeyote aliye kwenye dawa za kila siku, aulize daktari au mfamasia kwanza.

Msituni nako mambo yamebana, kwa kuwa anayechimba mzizi bila uangalifu huondoka na mmea mzima. Mwenye kipande cha ardhi ushago anaweza kuotesha mbegu, akaupandisha juu ya mti wenye kivuli na kusubiri mizizi inenepe. Wakati wa kuvuna, chimba upande mmoja, kata mizizi ya pembeni, acha shina na mizizi mingine, kisha urudishe udongo.

Na ukishatumia unga wowote kisha moyo ukaenda mbio, kichwa kikazunguka au macho yakaona ukungu, kimbia hospitali ukiwa na pakiti yake mkononi. Mwambie daktari ulichomeza, kiasi gani na saa ngapi, hata kama foleni yote inasikia.