Kabla ya Kuhama Kampuni ya Intaneti, Pima Kwanza

Mwananchi anayelipia intaneti kila mwezi ana haki ya kujua iwapo anapata anacholipia. Hata hivyo, kipimo kimoja kilichofanywa usiku mtandao ukiwa na msongamano hakitoshi kuamua kampuni ipi ni bora.

Kuelewa tangazo
Maneno "hadi Mbps 30" yanataja kilele, si kasi ya kila saa. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo, Mbps 30 ni megabaiti 3.75 kwa sekunde, na faili ya megabaiti 300 huchukua takriban sekunde 80 kupakuliwa.

Mambo manne ya kupima
1. Kasi ya kupakua: kutazama video na kufungua kurasa.
2. Kasi ya kupakia: kutuma hati, kwa mfano kwenye eCitizen.
3. Ucheleweshaji: muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Ukiwa mkubwa, wanaozungumza kwa video hukatizana hata kasi ikiwa nzuri.
4. Upotevu wa data: asilimia ya data isiyofika.

Kulinganisha kwa haki
Mteja na jirani yake wa kampuni nyingine watumie programu moja na seva moja. Speedtest hutumia miunganisho kadhaa kwa pamoja, ilhali kipimo cha M-Lab hutumia mmoja, hivyo majibu yao hayalinganishwi. Kompyuta iunganishwe kwa waya kwenye ruta, na vifaa vingine vizimwe.

Wapime asubuhi, mchana na usiku kwa siku 7, kisha wachukue namba ya katikati. Mfano: 9, 10, 11, 12 na 28. Wastani ni 14, lakini vipimo vinne kati ya vitano viko chini yake. Namba ya katikati, 11, inaonyesha hali halisi. Wanaotumia bando wakumbuke kuwa kila kipimo hula data.

Hitilafu za pamoja pia zizingatiwe. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Vipimo vya siku kama hizo havifai kuhukumu kampuni moja.

Hatua inayofuata
Mteja aandike tarehe, saa na matokeo, kisha awasilishe malalamiko kwa kampuni yake kwanza. Asiporidhika, ayapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Rekodi ya siku 7 ina uzito kuliko kusema tu kwamba "mtandao uko chini".