KUFUNDISHA SIKIO LA FUNDI: Somo la Mvumo wa Gari Baada ya Kazi ya Breki na Matairi

Katika kufundisha ufundi wa magari, walimu wengi huanza na kifaa: hii ni pedi, hii ni dramu, hii ni beringi. Mwanafunzi huyajua majina, naye hufungua na kufunga kwa haraka, lakini akiletewa gari lenye ila isiyoonekana kwa macho hukosa pa kuanzia. Somo lielezwalo hapa linaanzia upande wa pili, yaani kwenye dalili. Nimechagua mvumo unaozidi baada ya gari kutoka kutengenezwa, kwa kuwa ni lalamiko la kila siku na humlazimu mwanafunzi kufikiri.

Mabibo ni mahali pafaapo kwa somo hili. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, na si mbali na hapo Barabara ya Mandela hukutana na ile ya Morogoro. Malori, daladala na teksi hazikatiki, na gereji za chini ya mti ni nyingi.

Mwalimu aanze kwa kisa. Mwenye teksi amebadilishiwa pedi za mbele na viatu vya breki vya nyuma. Siku hiyo hiyo amenunua matairi mawili ya mtumba yakafungwa nyuma, na yale yaliyokuwa nyuma yakahamishiwa mbele. Kesho yake, gari likifika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, lavuma. Ulizeni darasa: kuna nini? Wengi watajibu kwa sauti moja, “Beringi!” Huenda ikawa kweli, lakini jibu hilo ni la kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huilipa mwenye gari. Atanunua beringi, mvumo usiondoke. Na kama chanzo ni nati zilizolegea, ataendelea kubeba abiria juu ya gurudumu linalokaribia kuchomoka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iandikwe ubaoni kabla ya maelezo mengine: gari lililotoka kufunguliwa magurudumu lisiendeshwe kwa majaribio kabla nati zote hazijakaguliwa kwa spana.

Baada ya hapo yafuata kazi ambayo walimu wa ufundi huidharau, nayo ni kazi ya lugha. “Gari linapiga kelele” si maelezo ya fundi. Kiswahili kina maneno ya kutosha: gari huvuma, hukwaruza, hugonga, hulia kwa sauti nyembamba. Zana za kuyafundishia ni rahisi. Baiskeli iliyopinduliwa, gurudumu likizungushwa na kipande cha bati kikagusishwa ukingoni, hutoa mkwaruzo ule ule wa bati la kukinga vumbi lililopinda na kugusa diski. Beringi mbili za zamani, moja nzima na nyingine iliyooshwa grisi na kutiwa mchanga, zizungushwe kwa mkono huku ncha ya bisibisi ikigusa beringi na mpini ukiwa sikioni. Tofauti hiyo mwanafunzi akiisikia mara moja hahitaji kuikariri.

Sasa darasa laweza kuhoji kisa chenyewe. Je, mvumo hubadilika gari litokapo kwenye lami laini na kuingia kwenye lami iliyochakaa? Ukibadilika sana, shaka ielekee kwenye matairi, maana sauti ya beringi haijali sana uso wa barabara. Je, hubadilika dereva akanyagapo breki kidogo? Hapo pedi na diski ndizo za kuchunguzwa. Je, hubadilika gari likatapo kona? Swali hili lafaa kukaliwa kwa muda mrefu, na mwalimu achore. Gari likikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto hushukiwa kwanza. Wanafunzi wengi hulikosea jambo hili kwa kudhani kwamba upande wa kona ndio ubebao mzigo. Waulizeni abiria aliyesimama ndani ya daladala huegemea upande gani. Mwisho, sauti ikipanda na kushuka pamoja na injini wakati mwendo wa gari ni ule ule, magurudumu hayana kosa.

Karakanani, gari lipandishwe kwa jeki na likalie stendi. Jeki pekee haitoshi. Kila gurudumu lizungushwe kwa mkono, kisha lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, chanzo kitafutwe, ama beringi ama viungo vya usukani. Gurudumu lisilozunguka kwa wepesi huenda limeshikwa na breki. Kisha kiganja kipitishwe polepole juu ya kashata za tairi, kwenda na kurudi. Kashata zilizolika upande mmoja hukwaruza kiganja kama meno ya msumeno zikipapaswa kinyume. Mabonde ya hapa na pale mara nyingi huashiria shokapu iliyochoka. Matairi ya mtumba yasomwe tarehe: tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani huwa mgumu, na mpira mgumu huvuma zaidi.

Katika kisa chetu, matairi ya mbele yakutwe na meno ya msumeno. Huko nyuma yalivuma tangu zamani, ila sasa yapo karibu na masikio ya dereva. Uthibitisho ni kuyarudisha nyuma na kuliendesha gari tena: mvumo ukihama pamoja nayo, beringi hainunuliwi.

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40, na makundi ya watu watano. Alama zitolewe kwa mpangilio wa ushahidi, si kwa jibu peke yake. Aliyesema “beringi” na ikawa beringi, bila kueleza alijuaje, apate chache. Mwalimu akipenda kuweka ila ya makusudi, apinde bati la kukinga vumbi au aweke kijiwe nyuma yake, gari likiwa juu ya stendi. Asilegeze nati kamwe kwa ajili ya zoezi.

Gari lishushwapo, nati zikazwe kwa mshazari, si kwa kuzunguka. Mwanafunzi mmoja akaze, mwingine ahakiki, na wote wawili watie saini kwenye kadi ya kazi. Mwenye gari aambiwe arudi baada ya kilometa 50 hadi 100 ili nati zikaguliwe tena.