Kipimamvua cha Gredi ya Nne: usinunue, nenda kwa fundi wa mabati

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi usiku, saa ambayo mwalimu hapaswi kujibu chochote: "Mwalimu, kipimamvua ni ile ya mia mbili ama ile ya mia tatu hamsini?"

Nilikuwa nimeagiza chupa tupu. Chupa tu, hata yenye kovu. Lakini tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze rasmi mwaka 2019, hapa Nakuru kumeota biashara ya kuuza kazi za shule zikiwa zimekamilika. Ukitaka mfano wa volkano upo, ukitaka kikapu "alichosuka mtoto" kipo, na saiba hukuchapishia picha ya ng'ombe wa kupeleka darasani, hata kama mtoto anatoka Njoro na ng'ombe wenyewe wanamsumbua kila asubuhi. Kesho yake vikaja vipimamvua vya dukani: vyeupe, faneli juu, bomba jembamba chini, stika ya namba ubavuni. Waliobeba chupa za soda wakaona haya kuzitoa mkobani.

Sikusema neno. Tuliviweka vyote uwanjani, mbali na mjakaranda na mbali na ukuta, tukangoja. Ilikuwa Mei, na mvua ndefu ilikuwa bado haijachoka. Alasiri wingu likateremka kutoka upande wa Menengai, likatunyeshea vizuri, likapita.

Asubuhi vya dukani vikasoma 80. Chupa za soda zilizofungwa rula kwa utepe zikasoma kila moja lake: 9, 15, 22. Mtoto mmoja, ambaye hajajifunza bado kuwastahi watu wazima, akauliza, "Tichaa, sasa mvua ilinyesha ngapi?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Nakuru hupata takriban milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita 80 ni mvua ya mwezi mzima. Ingekuwa imenyesha alasiri moja, tungekuwa tunaokoa madawati, hatungekuwa tunasoma stika.

Nilikichukua kimoja nikakipima kwa rula. Stika ilikuwa ya milimita za kweli, haina kosa. Balaa ilikuwa juu: mdomo wa faneli ulikuwa mpana mara mbili ya bomba. Mdomo ukiwa na kipenyo mara mbili, eneo lake ni mara nne, na maji ya eneo mara nne yanasukumwa kwenye bomba moja. Mvua ya milimita 20 hupanda hadi 80. Kuna vipimamvua halali vyenye umbo hilohilo, lakini stika yake huwa imenyooshwa ili kufidia. Aliyeunda hivi vya dukani aliona umbo akaliiga, na hesabu akaiacha alikoikuta.

Jumamosi nilimpitia muuzaji. Sitataja duka wala barabara. Nilimweleza taratibu, nikamwonyesha kwa rula yake mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, si hiyo ni ya CBC tu?" Yaani ni ya kupigwa picha na kutumwa kwa mwalimu, kupima si kazi yake. Nimeshasikia mengi katika kazi hii, lakini hilo bado linaniwasha.

Haya, tutengeneze.

Hatua ya kwanza: achana na rula. Chupa ya soda ina miguu mitano chini, na maji hujaza miguu kwanza kabla hayajaanza kupanda sawasawa. Blogu nyingi zinakwambia ujaze kokoto chini na umwage maji mpaka usawa wa sifuri. Sawa, lakini jua la hapa likiwaka siku mbili, sifuri yako imeshuka. Wengine humwaga simenti chini. Hiyo hufaa, ila chupa ikipasuka unaanza upya.

Ukweli ni kwamba umbo la chini halina maana yoyote. Mvua huingia kwa mdomo, na mdomo peke yake ndio unaoamua. Ukijua eneo la mdomo, maji unaweza kuyakusanya hata kwenye sufuria, kisha ukayapima kwa bomba la sindano. Bomba la mililita 20 lipo kila duka la dawa, tena kwa bei ya mandazi. Swali linabaki moja: mdomo uwe na ukubwa gani ili mtoto wa miaka tisa asilie na hesabu?

Jibu ni kipenyo cha sentimita 11.3. Eneo lake ni sentimita mia moja za mraba, ikizidi ni kwa unywele. Kwa mdomo huo, kila mililita 10 ni milimita moja ya mvua. Mililita 230? Milimita 23. Mtoto anagawa kwa kumi, basi.

Kupata mdomo huo ndiko kulikonila muda. Nilizunguka soko la Wakulima na rula mkononi nikipima faneli, mikebe na vikombe vya plastiki, mpaka mama mmoja akaniuliza kama mimi ni wa kaunti nimekuja kukagua. Kuna za 10, kuna za 12, kuna zinazoitwa duara lakini ni yai. Za sentimita 8 zipo, na ukikwama zitakufaa, maana hapo mililita 5 ndizo milimita moja. Ila kugawa kwa tano hapa darasani kwangu bado ni vita.

Mwishowe nikaenda kwa fundi wa mabati, mzee anayetengeneza karai na faneli za mafuta taa. Nikamchorea duara kwenye daftari, nikaandika 11.3 katikati. Akalisukuma daftari kando.

"Mwalimu, mimi sikati duara. Mimi nakata ukanda. Niambie ukanda ni urefu gani."

Na hapo ndipo penye siri yote, ukitoka na jambo moja kwenye makala haya litoke hili. Usihangaike kupima kipenyo cha kitu kilichokwisha kukunjwa. Rula huteleza, na kosa la milimita mbili tatu hulioni kwa macho. Pima mzingo kabla ya kukunja. Mzingo wa duara letu ni sentimita 35.5. Kata ukanda wa bati wa urefu huo, ongeza sentimita moja ya kupishana, kunja, unganisha. Ukikosea milimita tano nzima kwenye ukanda, eneo halipotoki hata asilimia tatu, na gredi ya nne inaweza kuishi na hilo. Upana wa ukanda uwe sentimita tano na usimame wima, ili matone yakipiga yasiruke nje. Chini yake fundi anaunga koni yake ya kawaida, na koni inaingia kwenye mdomo wa jerikeni ndogo. Fukia jerikeni nusu ardhini upepo usiiangushe.

Aliniitisha mia mbili kila kimoja, tukaafikiana mia na hamsini, akatengeneza sita. Kisha akauliza ni vya nini. Nilipomweleza mililita kumi kwa milimita moja, alinyamaza kidogo, akasema hicho cha sita anataka kukiona kikifanya kazi kabla hajapokea hela. Alikuja shuleni na aproni yake. Watoto walimzunguka wakamuuliza maswali ambayo mimi hawajawahi kuniuliza.

Hatua ya pili ni kusoma kila siku kwa saa ileile. Vituo vya hali ya hewa nchini husoma saa tatu asubuhi, na cha shule tunakisoma saa hiyo. Vile vitano vingine vilikwenda nyumbani na watoto: Lanet, Kiamunyi, Kaptembwo, Free Area na Bahati. Hao tulikubaliana wasome saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kutoka kwenda shule. Matokeo yanaandikwa kwenye karatasi ya manila ukutani.

Wiki ya kwanza kukawa na kesi. Kiamunyi 31, Lanet 0, siku ileile. Darasa likamgeukia wa Lanet: umesahau kusoma, umemwaga, umeandika tu. Mtoto akaapa. Mama yake akaandika kwenye kundi kwamba nguo zake zilikauka kambani siku nzima, na ushahidi huo ukakubaliwa. Siku chache baadaye mambo yakageuka, Lanet ikapata 18 na Kiamunyi ikabaki kavu. Nimesoma kwenye vitabu kwamba mvua ya Bonde la Ufa hunyesha kwa vipande, lakini sijawahi kuona sentensi hiyo ikieleweka kwa kasi namna ile.

Hatua ya tatu nilikuwa nimepanga iwe kuchora grafu. Hatujachora. Tulianza kuzungumzia maji yanaenda wapi, na kila aliyekuwa na hadithi akaitoa. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, Makalia na Nderit pia, na ziwa halina njia ya kutokea. Maji huondoka kwa kukauka na jua. Tangu karibu 2010 limekuwa likipanda, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha watu Mwariki na Barut. Maji ya chumvi yalipochanganyika na mengi ya mvua, mwani ambao heroe wanaula ukapungua, wengi wakahamia Bogoria. Mtoto mmoja alikumbuka muhula wa pili wa 2024, shule zilipochelewa kufunguliwa kwa ajili ya mafuriko, na Mai Mahiu ilivyosombwa usiku wa kuamkia Aprili 29 mwaka huo. Hapo sikuwaharakisha.

Kisha tukarudi kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tukapima darasa letu: mita 8 kwa 6, mraba 48. Siku iliyonyesha 31 kule Kiamunyi, paa la ukubwa huo lingetoa lita 1,488. Nilipoiandika ubaoni, yule yule wa "ilinyesha ngapi" akainua mkono.

"Tichaa, na mbona tunabeba maji ya kupiga deki kutoka nyumbani?"

Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu akaliulize mwenyewe, na karatasi ya manila mkononi. Gata zimeitishwa bei kwa fundi yuleyule.

Mambo madogo: toa majani kwenye koni kila Ijumaa. Maji yaliyokwisha pimwa mwageni, mbu hawana likizo. Kingo za bati zikunjwe, zinakata. Na nunua mabomba ya sindano kadhaa, kwa sababu darasa lenye bomba moja halipimi mvua, linapigania bomba.