Una One ya Nane na Unataka Muhimbili

Mdogo wetu wa Kahama ameniandikia mistari mitatu. Amesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), matokeo yametoka, ana One ya nane, na anataka kusomea udaktari Muhimbili. Halafu swali: "Dada, nitapata?"

Kila Julai swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Huyu ana One ya saba anataka famasia, yule ana Two ya kumi anataka uhandisi Mlimani. Leo nimemchagua wa Kahama kwa sababu yuko pale pagumu kabisa: matokeo yake ni mazuri, mashangazi wameshapiga vigelegele, na bado hakuna anayeweza kumhakikishia chochote.

Nitakujibu, mdogo wangu, ila kwanza kuna jambo hukuliandika. Unataka udaktari, au unataka Muhimbili? Najua utasema vyote. Sasa fikiria umeambiwa uchague kimoja, nawe ukae na jibu lako wakati tunapiga hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Baraza la Mitihani na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hawahesabu pointi kwa namna moja. Kwa Baraza, pointi ni kama deni: kadiri lilivyo dogo ndivyo unavyolala usingizi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Ndiyo maana One ya tatu ndiyo kilele. TCU wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S inaambulia nusu. Kwa hiyo ukisikia kozi inataka pointi 6, usishangilie kwamba wewe una 8 umezidi, wala usilie kwamba 8 ni mbaya kuliko 6. Ni vipimo viwili tofauti. Kama masomo yako yote matatu umefaulu kuanzia E kwenda juu, chukua 18, toa pointi za Baraza, utapata pointi za TCU. Wewe una 8, basi una 10. Pengine ni B moja na C mbili. GS, yaani General Studies, haimo kwenye hesabu hii, hata kama umeipata A na mwalimu wako alikusifia mbele ya darasa.

Haya. Sasa tuseme kozi imeandikiwa sifa ya chini ya pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Pointi 6 ni D tatu. D tatu kwa Baraza ni Two ya kumi na mbili. Maana yake, kuanzia aliyepata One ya tatu hadi yule wa Two ya kumi na mbili, wote "wana sifa". Neno hilo linawaumiza watu sana. Mtu anasoma mwongozo, anaona sifa anazo, anakwenda kushona sare. Sifa ya chini inakuruhusu kuomba tu. Anayeingia anapatikana kwa kushindanishwa na wenzake walioomba kozi ileile mwaka uleule, na hao hawajui kama wewe upo.

Ndiyo maana hata mimi siwezi kukuambia utapata au hutapata, na anayekuambia kwa uhakika muulize amejuaje. Mwaka ambao PCB nchi nzima wamefaulu vizuri, 10 yako inashuka thamani bila wewe kukosea kitu. Mwaka mwingine ingetosha.

Kuna kitu unaweza kukiangalia leo, tena bure. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU kwa wenye kidato cha sita (uko mwingine wa wenye diploma, usichanganye). Watoto wengi husoma safu ya sifa wakaishia hapo. Endelea kulia kwa ukurasa, utakuta idadi ya nafasi za kila kozi katika kila chuo. Linganisha udaktari wa binadamu na udaktari wa meno, au famasia. Kozi yenye nafasi chache inaweza kuwa ngumu kuingia kuliko ile yenye jina kubwa, na watu huikimbilia wakidhani wamejificha pembeni.

Kwa Muhimbili penyewe nitasema wazi. Ndicho chuo ambacho mizizi yake ni ile shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007, kimekaa ubavuni mwa hospitali ya taifa. Mwenye One ya tatu, ya nne, ya tano akitaka udaktari, mara nyingi jicho lake la kwanza linaangukia hapo. Wewe mwenye nane uko nyuma ya hao. Omba, nakuruhusu kwa mikono miwili, lakini usiombe hapo peke yake kisha ukae unasubiri miujiza.

Turudi kwenye lile swali langu. Kama ni udaktari unaoutaka, orodha yako ni ndefu kuliko unavyodhani. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha udaktari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha udaktari pia, si pale Mlimani bali Mbeya, kwenye ndaki yake ya afya, na wengi hawalijui hili kwa sababu wakisikia Mlimani wanawaza sheria na uhandisi. Zanzibar kuna SUZA. Vyote hivyo ni vya umma. Kisha kuna Bugando Mwanza na KCMC Moshi, vyuo vya taasisi za dini vyenye hospitali kubwa za rufaa. Huko ada ni nzito zaidi, kwa hiyo kaa na wazazi muongee fedha kabla ya kuongea heshima. Kokote utakakosoma ni miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali hospitalini, kisha baraza lilelile la madaktari linakusajili. Mgonjwa wa Nzega usiku wa manane hatakuuliza ulisomea barabara gani.

Na kama ni Muhimbili unayoitaka, yaani lile jina, yale majengo, Dar, basi jiulize ungefurahi huko ukiwa unasomea uuguzi, maabara au afya ya mazingira. Ni kozi nzuri na zina kazi. Kama moyo unasema ndiyo, ziweke kwenye orodha yako. Kama moyo unasema "nitaingia na uuguzi kisha nihamie udaktari", nakusihi usiweke. Kuhama kozi kunategemea nafasi iliyobaki na kama pointi zako zilifika pale walipofika wenzako waliochukuliwa udaktari. Zingekuwa zimefika, si ungechukuliwa tangu mwanzo? Nimewaona wanaoingia na mpango huo, wanakaa mwaka wa kwanza mzima wamenuna, masomo ya uuguzi yanawapita, na uhamisho haukuja.

Kwa hiyo Kahama, mpango wangu kwako ni huu: udaktari Muhimbili kwa sababu ya ndoto, udaktari Dodoma na Mbeya kwa sababu ya akili, na kozi moja ya afya ambayo hungeona aibu kuisoma, mahali penye nafasi nyingi. Tangu 2017 maombi yanakwenda chuo kwa chuo, si TCU kama zamani, kwa hiyo kila chuo ni akaunti yake na ada yake ya maombi. Tenga hela hiyo kabla. Halafu usidharau dirisha la kwanza ukisema yapo la pili na la tatu. Madirisha ya baadaye ni ya nafasi zilizobaki, na udaktari kwenye vyuo vya umma hauna desturi ya kubaki.

Sasa nisikilizeni wote, si wa Kahama peke yake. Acheni kumwachia kaka wa steshenari akaunti yenu. Anakujazia fomu vizuri, simkatai, ana kasi kuliko wewe. Lakini anaweka namba ya simu ya nani? Barua pepe ya nani? Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja (kukonfemu, kama msemavyo), na namba ya siri ya kuthibitishia inakwenda kwenye ile simu au barua pepe uliyojazia. Ikiwa ni ya kaka, nawe umesharudi kijijini, naye amebadilisha laini, siku zinakwisha na nafasi inapotea ukiwa umechaguliwa. Weka namba yako, au ya mama. Neno la siri liandike kwenye daftari.

Hili la simu linawagusa zaidi mnaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Matokeo yanaweza kutoka ukiwa kambini umeshika jembe, na simu huna. Kabla hujapanda basi, kaa chini na mtu mmoja nyumbani unayemwamini, dada, kaka, hata mjomba asiye na maneno mengi, umwachie namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, barua pepe na neno lake la siri, na orodha ya kozi kwa mpangilio. Andika orodha tatu: nikipata vizuri sana, nikipata wastani, nikipata vibaya. Usimwachie akuchagulie. Wapo waliotoka kambini wakakuta wamekuwa walimu.

Mkopo nao una njia yake. Kuchaguliwa na chuo hakukuombei mkopo. Bodi ya Mikopo ina fomu yake, muda wake, saini ya serikali ya mtaa, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA au kwa wenzetu wa Zanzibar ZCSRA. Namba ya kidato cha nne unayoombea chuo ndiyo hiyohiyo ya kuombea mkopo. Kama jina la cheti cha kuzaliwa na la shule hayafanani, anza kulishughulikia sasa.

Kuna kijana wa PCM ameuliza kwa hasira, na hasira yake ina haki. Ana Two ya kumi: Kemia A, Hisabati D, Fizikia E. Jirani yake ana Three ya kumi na tatu: Hisabati C, Fizikia C, Kemia akaanguka F. Jirani amekubaliwa kozi ambayo yeye mfumo umemkataa. "Dada, Three inaipitaje Two?" Inaipita, mdogo wangu. Kozi nyingi huhesabu masomo mawili yanayozihusu, na kiwango cha chini cha jumla ni pointi 4 katika hayo mawili. Kozi ikihesabu Hisabati na Fizikia pekee, wewe una 2 na 1, jumla 3. Jirani ana 3 na 3, jumla 6. Ile A yako ya Kemia inang'aa kwenye cheti, lakini hapo haikuulizwa. Tafuta kozi zinazoiuliza. Zipo, nyingine kwenye chuo hichohicho.

Na binti wa kidato cha nne anayejiandaa kujaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano: ukitaka udaktari usijaze CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kwa sababu Fizikia inakutisha. Udaktari unaitaka Fizikia. Ukishakaa CBG miaka miwili hakuna barua nitakayokuandikia itakayokusaidia. Kama Fizikia haikai kabisa, kuna njia ya diploma ya utabibu, miaka mitatu, kisha unaomba digrii ukiwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na masharti ya kidato cha nne yaliyomo kwenye ule mwongozo wa pili. Ni njia ndefu, lakini wanaoipita hufika darasani wameshaona damu, na si jambo dogo.

Mama wa Kahama ameongeza mstari wake mwishoni mwa barua, kwa mwandiko mwingine. Anasema kuna mtu anamfahamu mtu, anaomba laki tatu "za kumsukuma mtoto". Mama, shikamoo. Laki hizo usizitoe. Wachaguliwa hupitia kwenye mfumo wa chuo na majina hukaguliwa TCU. Huyo bwana anasubiri majina yatoke kama wewe. Mtoto akichaguliwa kwa pointi zake atakuja kudai shukrani, asipochaguliwa atasema waliobaki walisukumwa kwa laki tano. Chukua hela hiyo, lipia maombi ya Dodoma na Mbeya, inayobaki nunua shuka na ndoo, kwa sababu kwa pointi 10 huyu mtoto ataondoka nyumbani mwaka huu, sema tu hatujajua ni kwa basi la kwenda wapi.