Kuiuliza Mashine

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu sasa huiuliza ChatGPT, iliyotolewa mwaka 2022, kabla ya kufungua kitabu. Yafaa tujue ifanyavyo kazi. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, nayo hujibu kwa kukisia neno lifaalo kufuata yaliyotangulia. Kwa hiyo uwongo wake husomeka vizuri sawasawa na kweli. Mwaka 2023, huko New York, wanasheria wawili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi sita zilizotungwa na mashine hiyo. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine ile ile kama kesi ni za kweli, nayo ikaitikia. (Na hao ni wasomi!) Mimi ikinitajia kitabu, siandiki jina lake katika insha mpaka niwe nimekishika mkononi.