Usalama hata nyumbani: kifuniko cha mbele ya moteri



Kila mtu aliyefanya kazi karibu na konvoyeri anajua pahali panapoogopwa kuliko pengine pote: pale ukanda unapoingia juu ya puli. Pale ndipo mkono unavutwa. Kwa sababu hiyo pamewekwa wavu wa chuma au bamba, wala hakuna mtumishi anayeruhusiwa kuliondoa mtambo ukiwa unazunguka.

Lakini saa ya kazi ikiisha, mtu huyo huyo anarudi nyumbani, anaweka kando kofia yake ya kazi, anafungua boneti ya motokari ya zamani, na mbele ya macho yake kuna ukanda na puli vile vile, ila vidogo. Kifuniko chake kimelazwa juu ya meza, pengine tangu miezi mitatu. Leo tutazungumza juu ya kifuniko hicho, na hasa katika moteri za zamani zenye nguvu, zile ambazo wapenzi wa motokari huko Ulaya na Marekani wanazifungua na kuzirekebisha kwa ajili ya mashindano.

Kwanza tuelewe kinachofunikwa. Chini ya moteri kuna vilbrekeni, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kuna mhimili mwingine, wa kamu, ambao kazi yake ni kufungua na kufunga supape. Katika moteri ya hatua nne, vilbrekeni ikizunguka mara mbili, mhimili wa kamu unazunguka mara moja tu. Mihimili hii miwili lazima iende pamoja bila kukosana hata kidogo, kwa hiyo imeunganishwa mbele ya moteri kwa gia, au kwa sheni, au kwa kurwa ya mpira yenye meno.

Moteri nyingi zenye jina kubwa zilikuwa za sheni: ile ya Jaguar XK iliyotoka mwaka 1948, na V8 ndogo ya Chevrolet ya mwaka 1955. Peugeot 404, iliyoanza mwaka 1960 na kujulikana sana barani Afrika, nayo ilikuwa ya sheni. Kisha mwaka 1962 kampani ya Ujerumani iitwayo Glas ikauza motokari yake ya 1004 yenye kurwa ya mpira, ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa watu. Mwaka 1966 Fiat ikafuata na moteri ya kamu mbili iliyochorwa na mwinjinia Aurelio Lampredi. Ford ya Ulaya ikaingia njia hiyo mwaka 1970. Kurwa ilipendwa kwa sababu haina kelele, ni nyepesi, na haihitaji mafuta.

Shikeni hilo neno la mwisho, maana ndilo linaloleta hatari. Sheni inaishi ndani ya mafuta. Ukiondoa kifuniko chake na kuwasha moteri, mafuta yatakurukia usoni na kumwagika chini. Hakuna fundi atakayejaribu. Sheni inajilinda yenyewe. Kurwa ni kavu. Kifuniko chake ni cha plastiki au bati jembamba, hakizuii mafuta, na kikiondolewa moteri inawaka na kuunguruma kama kawaida. Hakuna kitu kinachomkumbusha fundi kwamba kuna kitu kimekosekana.

Sasa, kwa nini mtu aondoe kifuniko na kukiacha nje? Mara nyingi si uvivu. Ni puli ya kurekebisha.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme puli ya mhimili wa kamu ina meno 40. Ukiihamisha kurwa jino moja, umeuzungusha mhimili digri 9, na kwa vilbrekeni ni digri 18. Hiyo ni hatua kubwa mno. Fundi anayetafuta nguvu anahitaji kuhamisha digri 2 au 4 tu. Kwa hiyo watengenezaji wa vyuma vya mashindano wanauza puli ya vipande viwili: ukingo wenye meno, na kitovu kinachofungwa juu ya mhimili. Kati yake kuna matundu marefu na boloni. Unalegeza boloni, unasogeza kidogo, unakaza tena. Ukitanguliza kamu, supape ya kuingiza hewa inafungwa mapema, na moteri inapata nguvu ikiwa bado inazunguka polepole. Ukiichelewesha, nguvu inasogea juu, kwenye mwendo mkali. Tena kuna sababu nyingine isiyo ya mashindano: kichwa cha moteri kikiisha kunyolewa, kinashuka karibu na vilbrekeni, na kamu inachelewa yenyewe. Puli hiyo inarudisha mambo pahali pake.

Watu wa sheni nao wana namna zao. Jaguar iliweka tangu kiwandani bamba lenye meno madogo sana kati ya puli na mhimili. Kwa V8 ya Chevrolet, wauzaji wametengeneza puli ya vilbrekeni yenye mifereji kadhaa ya ufunguo, pamoja na kifuniko cha aluminiamu cha vipande viwili, ili fundi afungue mlango wa mbele na kugusa kamu bila kusumbua karai la mafuta lililo chini. Kwa maoni yetu hiki ni chombo kizuri, kwa sababu fundi asiyepata taabu kufungua hapati taabu kufunga.

Kwa kurwa mambo ni mengine. Puli mpya ni nene kuliko ile ya zamani, na vichwa vya boloni vinatokeza mbele. Fundi anarudisha kifuniko cha kiwanda, kinakwaruza. Anakata kipande, bado kinakwaruza. Basi anakitupa pembeni, anasema: “Na hivi ninaweza kutazama kurwa yangu kila siku.”

Tazameni kile anachotazama. Katika kurwa nyingi za wakati ule, kutoka jino hadi jino ni milimeta 9.5. Tukichukua puli ya vilbrekeni yenye meno 20, kila mzunguko unavuta kurwa sentimeta 19. Moteri ikiwa imetulia tu, kwenye mizunguko 900 kwa dakika, vilbrekeni inazunguka mara 15 katika sekunde moja, na kurwa inapita karibu meta 2.9. Mtu mwenye afya, aliye macho, anahitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde ili ashituke na kuvuta mkono. Katika muda huo zaidi ya nusu meta ya kurwa imekwisha kupita chini ya puli. Kidole hakina nusu meta. Na hiyo ni moteri iliyotulia. Kwenye mizunguko 6,000 hakuna haja ya kuendelea na hesabu.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaufikirii: taa ya kupimia moto, ile inayomulika kila buji inapopiga. Inamulika puli kila mara inapofika pahali pale pale, na macho yako yanadanganyika: puli inaonekana imesimama. Unaona alama vizuri, unasoma namba yake, na mkono unakwenda wenyewe kufuta vumbi ili uone zaidi. Puli hiyo haijasimama hata kidogo! Kifuniko kikiwepo, na dirisha dogo tu la kuonea alama, mkono unagonga plastiki na mambo yanaishia hapo.

Msisahau pia nguo. Mkono mrefu wa shati usiofungwa, tai, kamba ya shingoni, pembe ya kikwembe cha mama aliyeinama kuuliza chakula kiwekwe saa ngapi: vyote vinaingia kati ya kurwa na puli kwa urahisi kuliko kidole. Pete ya ndoa na saa vitoke mkononi kabla ya kugusa moteri. Na mtoto anayependa kushika tochi kwa ajili ya baba yake, ashike wakati moteri imekufa. Moteri ikiwashwa, mtoto asimame nyuma, mbali na boneti, hata akilia. Mlango wa garaje uwe wazi kabisa, maana moshi wa moteri unaua bila harufu ya kukuonya.

Basi kazi ifanyweje? Mgodini tunafunga mtambo kwa kadena, kila mtu na kadena yake, na ufunguo mfukoni. Motokari haina kadena, lakini ina bateri. Ondoa waya wa minasi, uufunge kwa kitambaa usirudi wenyewe, na ufunguo wa kuwashia utie mfukoni mwako, si juu ya kiti. Vidole vingi vinaumia si kwa moteri inayowaka, bali kwa starta iliyoguswa na mtu mwingine ambaye hakujua.

Toa buji zote, ili moteri izunguke kwa mkono bila nguvu ya hewa kuirudisha. Zungusha kwa kle juu ya boloni ya vilbrekeni, upande ule ule moteri inapozungukia kila siku. Usizungushe kwa kuvuta kurwa kwa vidole. Hiyo ni kupeleka mkono pale pale tunapopakataza. Ukiisha kuweka kamu pahali pake na kukaza boloni za puli kwa kle ya kupimia nguvu, zungusha mara mbili kamili, polepole. Ukisikia kitu kigumu kinagoma, simama. Pengine supape imegusa pistoni. Hatari hiyo inakua kila unapogeuza kamu: ukiitanguliza, supape za kuingiza zinasogelea pistoni, ukiichelewesha, ni zile za kutoa moshi. Wakati moteri bado imefunguliwa, mafundi wanaweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, wanarudisha kichwa, wanazungusha, kisha wanakata udongo na kupima unene uliobaki. Wengi hawakubali chini ya milimeta 2 kwa supape ya kuingiza na 2.5 kwa ile ya kutoa.

Boloni za puli zisikazwe kwa kukisia. Zikilegea, ukingo unateleza juu ya kitovu. Na boloni moja ikitoka kwa mwendo huo, isipokuwepo kifuniko, inakwenda pahali inapotaka.

Kuhusu kifuniko chenyewe: kinaweza kununuliwa kile kirefu zaidi kinachotengenezwa kwa ajili ya puli za kurekebisha, au fundi wa bati akaongeza kina cha kile cha zamani. Namna ya kujaribu ni rahisi. Paka chaki ndani yake, kifunge, zungusha moteri kwa mkono mara mbili, kifungue tena. Pale chaki ilipofutika, ndipo kinagusa. Ukitaka dirisha, liwe na mlango wake mdogo wa skrubu. Tundu linalopitisha kidole kidogo cha mtoto si kinga. Tena kifuniko kizima kinafukuza vumbi. Kwetu Katanga, wakati wa kiangazi, kila mtu anajua vumbi jekundu la njia zetu. Kajiwe kadogo kakiingia kati ya jino la kurwa na jino la puli, kurwa inaruka, na digri zako mbili ulizozitafuta siku nzima zinakuwa 18 kwa mara moja.

Neno kwa mapafu. Katika moteri za zamani, vile vizibo vyembamba kati ya chuma na chuma mara nyingi vilikuwa na amianti. Usivikwangue vikavu kwa brashi ya waya, usivipulize kwa hewa. Vilowanishe kwa maji, vikwangue polepole na kisu kisicho kikali, mabaki yafungwe katika mfuko wa plastiki. Nguo ya kazi hiyo isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Boloni ndogo za kifuniko zitie zote katika kikombe kimoja na uandike hesabu yake juu ya karatasi tangu unapoanza kufungua. Waya wa bateri uwe wa mwisho kurudi, kikombe kikiwa kitupu. Ikibaki boloni hata moja ndani yake, ufunguo ukae mfukoni hadi ujue ilitoka wapi.