Niliwacheka matajiri waliofia baharini, mke wangu akanyamaza

Shangazi,

Jumamosi tulikuwa sebuleni tukitazama filamu kuhusu Titan, ile nyambizi ya watalii iliyosambaratika ikienda kuangalia mabaki ya Titanic. Mdogo wangu akatania kuwa wenye hela wamekosa pa kuzitumia hadi wanalipia kaburi. Nikacheka, nikaongezea: "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Mke wangu akainuka, akaenda kulala. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, na kaka yake alizama na kivuko cha MV Nyerere. Tangu siku hiyo tunazungumzia chakula na ada za watoto tu. Nimemweleza kuwa niliwasema mabilionea, si ndugu yake. Siku zilezile mamia ya wahamiaji walizama Ugiriki na dunia haikujishughulisha. Kosa langu ni lipi?

Baba Wawili, Mwanza

Mwanangu,

Uchungu wako juu ya wahamiaji ni wa haki. Usiku wa kuamkia Juni 14, 2023, boti ya uvuvi iitwayo Adriana, iliyotoka Tobruk nchini Libya, ilizama mbali na pwani ya Pylos, Ugiriki. Inakadiriwa ilibeba watu 750. Waliookolewa ni 104. Siku nne baadaye Titan ikapotea na watu watano. Meli na ndege za nchi kadhaa zikatumwa kuitafuta, na televisheni zikawa zinahesabu saa za oksijeni zilizobaki. Anayeuliza kwa nini uhai wa wachache unathaminiwa kuliko wa wengi, ana haki ya kujibiwa.

Wa kulijibu swali hilo ni serikali na vyombo vya habari. Waliokufa hawana jibu, na kicheko hakikumwokoa mhamiaji hata mmoja. Pakistan wiki hiyo ilikuwa na siku ya maombolezo kwa ajili ya watu wake waliokuwa ndani ya Adriana. Na ndani ya Titan walikuwamo baba na mwana wenye asili ya nchi hiyohiyo. Mwana alikuwa na miaka 19. Mama yake, aliyempisha kwenye safari hiyo, alikuwa juu ya meli akisubiri warudi.

Sasa tuipime lawama ya kujitakia. Ni kweli, nafasi moja iliuzwa hadi dola 250,000, na wasafiri walitia saini hati iliyotaja kifo. Lakini abiria hakai kwenye mikutano ambamo onyo linazimwa. Mwaka 2018 David Lochridge, aliyesimamia shughuli za baharini za kampuni ya OceanGate, alieleza wasiwasi wake kuhusu ganda la nyuzi za kaboni. Akafukuzwa kazi. Mwaka huohuo wataalamu wa nyambizi walimwandikia mkuu wa kampuni, Stockton Rush, wakimwonya kuhusu njia aliyoichagua. Chombo hakikuthibitishwa na wakaguzi huru, kikaendelea kupeleka watu kwenye kina cha mita 3,800. Agosti 2025 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa ripoti yao: maafa yale yangeweza kuzuilika. Rush mwenyewe alifia humo, na lawama yake inaweza kusemwa waziwazi bila kumcheka yeyote.

Ukisema "walijitakia", huyo aliyefukuzwa kwa kusema kweli anasahaulika, na waliomfukuza wanapona. Tena lawama hiyo haiishii kwa matajiri. Wahamiaji wa Adriana nao huulizwa nani aliwatuma kupanda. Na mke wako, mwanangu, unadhani hajawahi kusikia kuwa watu wa MV Nyerere walijazana wenyewe? Kivuko cha kubeba watu kama 100 kilipinduka Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya 200. Mtu anayetoka gulioni anataka kufika nyumbani. Kuhesabu abiria si kazi yake. Wewe ulidhani unawasema mabilionea. Yeye alisikia hukumu ambayo ndugu yake amekwishahukumiwa na wengi.

Methali uliyoitoa ina mahali pake. Mzee humwambia kijana aliye hai, anayekaribia hatari, ili arudi nyuma. Mtu akishakufa, haimwonyi tena. Inabaki kumchoma aliyefiwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Anza na mke wako, leo, watoto wakishalala. Mwombe msamaha bila kuongeza "lakini". Kisha mwambie akusimulie habari za kaka yake: alikuwa mtu wa namna gani, walimsubiri wapi, nani alileta taarifa. Akilia, mwache alie. Akikataa kusema, usimlazimishe. Rudi siku nyingine.

Halafu zungumza na mdogo wako. Usimkataze kukasirika. Mfundishe kuuliza, kila chombo kinapozama: nani alionywa, na kwa nini hakusikiliza? Kama wahamiaji wanawauma kweli, fuatilieni kesi yao pia. Mei 2025 walinzi wa pwani 17 wa Ugiriki walifunguliwa mashtaka kuhusu Adriana, na kesi kama hizo hufifia watu wakiacha kuziulizia.

Ila siku ya kumwomba mke wako msamaha, yote hayo yaweke kando. Siku hiyo msikilize yeye tu.